Kizuri Chajiuza? Mikono Isiyoonekana katika Picha za Mpishi Mashuhuri

Utangulizi

Waswahili husema: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii husikika sokoni kila siku, na ni nadra kumkuta mtu anayeipinga. Lakini mwanafunzi wa lugha akiitazama kwa jicho la sarufi ataona jambo. Kitenzi chajiuza kina kiambishi -ji- cha kujirejea: kitu kinatenda, na kitu hichohicho kinatendwa. Muuzaji hayumo. Aliyekifuta vumbi, aliyekipanga mbele ya vingine, aliyekigeuza upande wake mzuri ili mnunuzi auone, wote wametowekea ndani ya silabi moja.

Makala hii inachunguza kutoweka huko. Tumechagua kazi ambayo ndani yake watu wengi hutoweka kwa muda mfupi sana, yaani upigaji wa picha za kumtangaza mpishi mashuhuri. Katika picha tunamwona mpishi mmoja, sahani moja na tabasamu moja. Nyuma ya kamera wamesimama watu wanane, kumi, au zaidi. Tutajiuliza maswali matatu. Je, watu hao hufanya nini? Sarufi ya Kiswahili inawaficha kwa njia gani, na inaweza kuwafichua kwa njia gani? Tena, sisi ambao kesho tutaajiriwa kuandika maelezo ya picha, kutafsiri vitabu vya mapishi au kutunga matangazo, tuandike vipi?

1. Kazi ilivyo

Picha ya tangazo huanza siku kadhaa kabla ya kamera kutolewa mfukoni. Kwanza hutungwa orodha ya picha: mpishi akiwa amesimama, mpishi akikata kitunguu, sahani peke yake, mikono peke yake. Orodha hii ndiyo sheria ya siku, kwa sababu kitu kilicho adimu kuliko vyote ni wakati wa mpishi mwenyewe. Mpishi mashuhuri hufika akiwa amechelewa na huondoka mapema. Ana mkahawa unaomngoja, ana mahojiano, ana safari. Saa mbili zake huandaliwa na siku mbili za wengine.

Mnunuzi hutangulia sokoni. Hanunui mafungu mawili ya majani bali kumi, kwa maana katika kumi yatapatikana majani sita yasiyo na tundu. Mpishi msaidizi hupika chakula kilekile mara mbili au tatu. Sahani ya kwanza ni ya kujaribia: huwekwa chini ya taa, wapigapicha wakapima mwanga, wakasogeza meza, wakabishana. Ikiisha kunyauka huondolewa, na hapo ndipo huletwa sahani ya pili, ile ya picha yenyewe, ambayo maisha yake ni dakika chache tu.

Kati ya sahani hizo mbili yuko mtu ambaye Wafaransa humwita styliste culinaire. Sisi tunaweza kumwita mpambaji wa chakula. Kazi yake ina siri zisizo za ajabu. Mboga za majani huchovywa kidogo katika maji yanayochemka, kisha hutiwa haraka katika maji ya barafu ili rangi ya kijani isififie. Kuku hutolewa motoni kabla hajaiva kabisa, maana akiiva ngozi hujikunja. Nyama hupakwa mafuta kwa brashi sekunde chache kabla ya kupigwa picha. Matone juu ya tunda mara nyingi ni maji yaliyochanganywa na gliserini, kwa kuwa maji matupu huteleza na kukauka. Majani ya kupambia hutangulia kukatwa lakini huwekwa mwisho kabisa, kwa kibano, si kwa vidole.

Mtu wa taa naye ana elimu yake. Mwanga wa chakula aghalabu hutoka ubavuni au nyuma ya sahani, si mbele, kwa sababu mwanga wa mbele huua vivuli na chakula huonekana bapa kama karatasi. Upande wa pili husimamishwa kadibodi nyeupe inayorudisha mwanga kidogo ndani ya kivuli. Mvuke hauonekani ila ukiwa na mwanga nyuma yake na giza mbali zaidi. Pembe ya kamera nayo ina mantiki: chakula kilicho bapa hutazamwa kutoka juu, kilicho kirefu hutazamwa kwa usawa wake, na kilichobaki hutazamwa kama anavyokitazama mtu aliyeketi mezani.

Ongeza hapo aliyepiga pasi aproni, aliyempaka mpishi poda usoni asing'ae, aliyeleta vijiko vya zamani kutoka kwa shangazi yake, na anayeosha vyombo tangu asubuhi. Hawa wote wanafanya kazi moja. Kisha picha hutoka, na chini yake huandikwa jina moja.

2. Mfano wa Julia na Paul Child

Tusibaki katika maneno ya jumla. Mfano mmoja unaojulikana vizuri ni wa Julia Child (1912–2004), Mmarekani aliyewafundisha Wamarekani wenzake upishi wa Kifaransa. Alihamia Paris na mumewe mwaka 1948, akaingia shule ya upishi ya Le Cordon Bleu mwaka 1949, na mwaka 1961 alitoa pamoja na Simone Beck na Louisette Bertholle kitabu Mastering the Art of French Cooking.

Mumewe, Paul Child (1902–1994), alikuwa mtumishi wa idara ya habari ya serikali ya Marekani mjini Paris, tena mpigapicha na mchoraji hodari. Kwa ajili ya kitabu hicho alifanya uamuzi unaostahili kufundishwa. Hakumpiga mkewe picha kwa mbele, uso ukiwa katikati. Alisimama nyuma yake na kupiga mikono yake kutoka juu ya bega, ili msomaji aone kuku na kisu kama anavyoviona mpishi mwenyewe. Kisha mchoraji Sidonie Coryn alitumia picha hizo kuchora michoro iliyochapishwa kitabuni. Kwa hiyo msomaji anapotazama mkono unaofunga kuku kwa uzi, anatazama mkono wa Julia, kwa jicho la Paul, kwa kalamu ya Sidonie. Watu watatu wamo ndani ya mstari mmoja wa wino.

Mwezi wa Februari 1963 Julia alianza kipindi chake katika televisheni ya WGBH ya Boston. Studio za WGBH zilikuwa zimeungua mwaka 1961, kwa hiyo vipindi vya mwanzo vilirekodiwa katika jiko la maonyesho la kampuni ya umeme mjini Cambridge. Mtazamaji alimwona mwanamke mmoja mrefu akipika peke yake na kuzungumza bila kuchoka. Lakini mwongozaji alikuwa Russell Morash. Ruth Lockwood alikuwa upande wa pili na vibao vya kumkumbusha hatua inayofuata. Na Paul alibeba vyombo, akapanga vitu, akaosha masufuria. Chakula kilichoingizwa kwenye tanuri mbele ya watazamaji kilikuwa na ndugu yake aliyekwisha kuiva, akisubiri zamu. Baadaye, katika kazi iliyoitwa Julia Child & Company (1978), upambaji wa chakula ulikuwa mikononi mwa Rosemary Manell na picha zilikuwa za James Scherer.

Jambo moja zaidi linafaa kukumbukwa. Julia Child alikataa kulipwa ili kuzisifu bidhaa za makampuni. Alijua kwamba uso wake ulikuwa na thamani, na kwamba thamani hiyo ilitokana na kuaminiwa. Hapo tunafika kwenye swali la ukweli.

3. Hila ipi ni uongo?

Mtu atasema: mafuta kwa brashi, gliserini, kuku mbichi ndani, je, huo si udanganyifu? Swali hili limefika mahakamani, na majibu yake yanamhusu sana mtu wa lugha, kwa sababu yanapima uhusiano kati ya picha na dai.

Mwaka 1965 Mahakama Kuu ya Marekani ilitoa hukumu juu ya tangazo la sabuni ya povu ya kunyolea. Tangazo lilidai kwamba povu hilo lalainisha hata msasa, na lilionyesha wembe ukipita kwa urahisi. Kumbe kilichonyolewa kilikuwa kipande cha plastiki kilichonyunyiziwa mchanga. Mahakama ilisema ni udanganyifu. Lakini katika hukumu hiyohiyo ilijadiliwa hali ya aiskrimu, ambayo huyeyuka chini ya taa kali, na badala yake huwekwa viazi vilivyopondwa. Mahakama iliona tofauti. Viazi vinapokaa tu mahali pa aiskrimu havithibitishi dai lolote. Kile kipande cha plastiki kilitolewa kama ushahidi wa dai.

Miaka michache baadaye kampuni ya supu ya Campbell ilishtakiwa na tume ya serikali inayosimamia biashara. Katika bakuli la picha zilikuwa zimewekwa gololi za kioo chini, ili mboga na nyama zipande juu na supu ionekane nzito. Mwaka 1970 shauri lilimalizika kwa kampuni kukubali amri ya kuacha njia hiyo. Gololi haziliwi, wala hazikuonekana; lakini zilisema jambo, nalo lilikuwa wingi wa nyama.

Tunaweza kutoa kanuni kwa maneno ya darasani. Hila inayoiwezesha kamera kuona kile ambacho mlaji angekiona mezani ni tafsiri. Hila inayomfanya mlaji aone kisichokuwepo ni uongo. Mfasiri anajua tofauti hii: kuongeza neno ili maana ivuke salama si sawa na kuongeza maana.

4. Njia nne za kumficha mtenda

Sasa turudi kwenye lugha. Tukisoma maelezo ya picha na matangazo ya Kiswahili tunakuta njia nne ambazo mtenda hupotezwa kwazo.

Njia ya kwanza ni kauli ya kutendwa isiyo na «na». «Picha imepigwa jikoni.» «Chakula kimepambwa kwa majani.» Kauli ya kutendwa yenyewe haina hatia. Kiswahili kinaturuhusu kusema «kimepambwa na fulani» bila uzito wowote. Kosa liko katika kile kineno kidogo kilichoachwa. Pale ambapo «na» ingekaa, pana mtu.

Njia ya pili ni kauli ya kutendeka. «Sahani imepambika.» «Meza imepangika.» Hapa mlango umefungwa kabisa, kwa kuwa sarufi haikubali «sahani imepambika na Maria». Kauli hii inaeleza hali tu, kana kwamba hali ilizaliwa yenyewe. Inafaa kwa kikombe kilichovunjika bila kukusudiwa. Haifai kwa kazi ya saa sita.

Njia ya tatu ni ile ya methali yetu, yaani -ji- ya kujirejea. «Chakula hiki kinajitangaza chenyewe.» Waandishi wa matangazo huipenda sana kwa sababu inasifu kwa maneno machache. Ni sifa kwa chakula, na ni kimya juu ya watu.

Njia ya nne si ya kiambishi bali ya kiima. «Mpishi ametuandalia picha hizi.» Mtenda yupo, tena ametajwa kwa heshima, lakini amebebeshwa vitendo vya watu kumi. Njia hii ni ngumu kuigundua kuliko zote, kwa kuwa sentensi imekamilika na haionekani kupungukiwa na kitu.

5. Viambishi vinavyofichua

Lugha ileile inayoficha ina pia vyombo vya kufichua. Cha kwanza ni kauli ya kutendesha. Linganisha «picha inang'aa» na «Maria ameing'arisha picha». Mara tu tunapoingiza usababishi, swali «nani?» linazuka na lazima lijibiwe. Lugha ya kazi yenyewe, pale mbele ya taa, imejaa kauli hii: sogeza, geuza, inamisha, simamisha. Anayefanya kazi hapo hujifunza upesi kutofautisha «sogea» na «sogeza». Ukimwambia msaidizi «sogea kidogo», ataondoka yeye na sahani itabaki palepale. Vivyo hivyo «geuka» na «geuza». Katika maneno ya kuelekeza mahali pana mtego mwingine: kushoto kwa nani? Mpishi anatazama kamera, mpigapicha anamtazama mpishi, na kushoto kwa mmoja ni kulia kwa mwenzake. Kundi linaloelewana husema «kushoto kwa kamera» na kumaliza ubishi.

Chombo cha pili ni kauli ya kutendea, na hiki ndicho chenye utajiri zaidi. «Nishikie kadibodi.» «Mfungie aproni.» Kiambishi -i- au -e- huonyesha kwamba kitendo kina mtu kinayemwelekea. Lakini hebu tutazame sentensi hii: «Maria anampikia mpishi.» Ina maana mbili. Ya kwanza, Maria anapika chakula ambacho mpishi atakila. Ya pili, Maria anapika badala ya mpishi, katika nafasi yake, kwa jina lake. Kiswahili hakitofautishi maana hizo kwa umbo. Muktadha ndio huamua. Ndivyo ilivyo pia katika «amemwandikia barua».

Nadhani hakuna sentensi inayoeleza kazi ya nyuma ya kamera vizuri kuliko hiyo. Mtu huyu anatenda kwa ajili ya mwingine na mahali pa mwingine kwa wakati mmoja. Hilo si dhuluma kwa asili yake. Mikahawa yote huendeshwa hivyo, na mpishi mkuu ndiye anayebeba lawama chakula kikiharibika. Dhuluma huanza pale ambapo maana ya pili inafutwa kabisa, tukabaki na ya kwanza: Maria alimsaidia tu mpishi, akalishwa, akaenda zake.

Chombo cha tatu ni nomino za watenda. Kiswahili huunda jina la mtenda kwa njia mbili, na mara nyingine njia hizo hutoa maneno mawili yenye uzito tofauti. Msomi si msomaji. Mwandishi si mwandikaji. Mpishi ana cheo. Mpikaji ni yeyote anayepika wakati huo. Mofimu -ji hushika kitendo, na umbo la -i mara nyingi hushika kazi inayotambuliwa. Basi neno «mpambaji» linahitaji msaada wetu: tulizoee, tuliandike mara nyingi, mpaka likikaa peke yake lieleweke kuwa ni jina la ufundi, kama mpigapicha lilivyokwisha kueleweka. Kazi isiyo na jina ni vigumu kuidai malipo.

6. Tuandike vipi?

Pingamizi moja linastahili kujibiwa. Watasema kwamba picha ni ya mpishi, kwamba msomaji hataki orodha ya majina, na kwamba nafasi ni ndogo. Ni kweli kwamba msomaji hununua kitabu kwa ajili ya mpishi. Lakini magazeti huandika jina la mpigapicha pembeni kwa herufi ndogo, na hakuna msomaji aliyelalamika. Majina mengine matatu hayatalijaza ukurasa. Isitoshe, jadi yetu haikatazi. Washairi wa pwani walizoea kuyataja majina yao katika beti za mwisho, ili kazi isitembee bila mwenyewe.

Faida yake si heshima tupu. Mpambaji aliyetajwa anaweza kufika kwa mwajiri mwingine na kitabu mkononi, akaonyesha jina lake. Asiyetajwa anaonyesha picha nzuri na kusema «ni mimi», naye mwajiri ana haki ya kutomwamini. Kwetu Kongo, ambako kazi nyingi za namna hii hupatikana kwa kufahamiana bila mkataba wa maandishi, mstari mmoja chini ya picha waweza kuwa ndiyo cheti pekee atakachokuwa nacho mtu huyo. Na mstari huo huandikwa na nani? Mara nyingi ni mhitimu wa kitivo kama hiki.

Tunapendekeza kawaida tatu. Ya kwanza: kila kauli ya kutendwa katika maelezo ya picha iulizwe «na nani?» kabla ya kuchapishwa, jibu likijulikana, liandikwe. Ya pili: kauli ya kutendeka na -ji- ziachiwe vitu vinavyotokea vyenyewe, kama mvuke kupanda. Ya tatu: watenda watajwe kwa kazi zao kwa mpangilio uleule kila mara, kwa mfano: Upishi, Upambaji, Taa, Picha. Msomaji akizoea mpangilio hataona uzito.

Hitimisho

Kizuri hakijiuzi. Huuzwa na watu, na watu hao wana majina. Methali itaendelea kusemwa, nasi hatutaki kuikataza, maana inasema kweli juu ya ubora. Ila mwanafunzi wa lugha anapaswa kusikia ndani yake lile -ji- na kukumbuka ni nani amenyamaziwa. Sarufi haimlazimishi mwandishi kuwaficha watu. Humpa uwezo wa kuchagua, na kila uchaguzi una mtu wa kufaidika na mtu wa kuhasirika.

Mazoezi

1. Andika upya sentensi hizi ukimtaja mtenda: (a) Bukari imepangwa katikati ya sahani. (b) Sombe imepambika kwa pilipili nyekundu. (c) Samaki huyu anajisifu mwenyewe.

2. Eleza maana mbili za sentensi «Dada alimpigia mpishi picha». Tunga muktadha mfupi unaoibakiza maana moja tu.

3. Panga jozi hizi na ueleze tofauti ya maana kwa mfano wako mwenyewe: msomi na msomaji, mpishi na mpikaji, mlezi na mleaji.

4. Utapewa picha ya sahani ya bukari nyeupe katika sahani nyeupe. Andika amri tano fupi za kumwelekeza mtu wa taa na msaidizi, ukitumia kauli ya kutendesha mara tatu na kauli ya kutendea mara mbili.

5. Tafuta kitabu cha mapishi, kalenda au bango lenye picha ya chakula hapa mjini. Hesabu vitenzi vya kutendwa visivyo na «na». Kisha ulizia, kama inawezekana, majina ya waliofanya kazi hiyo, na uandike maelezo mapya ya picha yasiyozidi maneno arobaini.